Benchi la Bi Ndoo

Tuelewane mapema: huyu mama simpendi, na yeye hanipendi, na hatujawahi kufichana. Ni mama mkwe wangu. Amemzaa mume wangu, na kwa hilo nilimshukuru siku ya harusi mbele ya watu, inatosha. Ukitaka mtu wa kukusimulia maisha yake kwa kumpamba, nenda kwa majirani ambao hawajawahi kuishi naye chumba kwa chumba. Mimi nakwambia nilichokiona.

Shuleni watoto wanamwita Bi Ndoo. Anasimamia chumba cha wagonjwa katika shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yetu, chumba chenye kitanda kimoja, kabati la bandeji na dirisha lisilofunga vizuri. Siku za michezo anahamia nje. Kuna benchi refu la mbao chini ya ukuta wa stoo, upande ambao jua la mchana halifiki, na hapo ndipo anapopanga vitu vyake: ndoo ya buluu ya maji ya kunywa, ndoo nyekundu ya kulowekea vitambaa, kikombe cha bati, na kipande cha boksi cha kupepea. Zamani alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini, anafagia na kubeba mabeseni, mpaka alipostaafu. Alipofiwa na mumewe akahamia kwetu. Hatukushauriana. Nilitoka sokoni nikakuta kitanda chake kimeshaingia kwenye chumba chenye dirisha kubwa, na viti vyangu vya saluni nilivyovihifadhi humo vimesukumiwa kwenye korido.

Mimi ni msusi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo saluni yangu, na ndiyo inayotulisha mume wangu akiwa safarini na lori lake, maana akiondoka ameondoka. Lakini mama mkwe alikuwa na ndoto zake. Alitaka mwanawe aoe muuguzi, mtu wa gauni jeupe, na akamtafutia na mchumba kabisa. Mwanawe akaniona mimi nimekaa kwenye kigoda nasuka watu, mambo yakaisha hapo. Mpaka leo akija mgeni, mama mkwe ananitambulisha hivi: "Huyu ni mke wa mwanangu. Ni msusi." Lile neno la mwisho analitamka kama vile anasema nimetoka jela.

Vikombe nikiviosha, anaviosha tena mbele ya wageni. Nikifagia, anapitisha kidole kwenye pembe na kukitazama. Na kichwa cha mtu yeyote kikiuma ndani ya nyumba ile, mkosaji yuko mmoja. "Mikono ya huyu inaua vichwa vya watu," anasema. "Anakaza nywele mpaka mtu halali." Mume wangu ana upara, hana hata unywele wa kuazima, lakini siku akiumwa kichwa mama yake anasema ni harufu ya dawa zangu za nywele. Naye baba wa watu anajitia hamnazo, anachukua gazeti.

Sasa nimpe haki yake, maana mimi si mtu wa kumnyima mtu haki hata kama simwezi. Kwenye lile benchi huyu mama ni mtu mwingine. Mtoto akitoka uwanjani ameshika paji la uso, amefinya macho kwa sababu mwanga unamuumiza, anayumba kidogo, mama hamuulizi maswali ya kipolisi. Anamkalisha kivulini. Anamvua viatu na soksi, anamlegeza kola. Anatoa kitambaa kwenye ndoo nyekundu, anakikamua nusu tu ili kibaki na maji, anamwekea shingoni nyuma, na kingine kwapani. Anapepea taratibu. Maji ya kunywa anampa kwa kikombe, funda kwa funda, na mtoto akitaka kugugumia anamnyang'anya. "Utayatapika yote hayo. Kunywa, pumzika, kunywa tena." Yule aliyetoka jasho sana anamkorogea maji ya sukari na chumvi kidogo. Na mtu akimuuliza mbona hampi kidonge cha maumivu, anajibu kwamba kwanza mtoto apozwe, kidonge kitafuata kama bado kuna haja. Mara nyingi haja haiwi. Baada ya muda unaona macho ya mtoto yanafunguka, uso unarudi, anaanza kuchokozana na mwenzake.

Mtoto anayetapika, au anayejibu maneno yasiyoeleweka, huyo hacheki naye. Anapiga kelele gari litafutwe huku mikono yake inaendelea kumlowesha.

Nimeyaona hayo kwa macho yangu, nikiwa nimesimama kwenye uzio na kitana mkononi. Nilikuwa nikijiuliza huu upole anautoa wapi, na kwa nini anauacha kule kule shuleni akirudi nyumbani.

Adui yake mkubwa shuleni ni Kocha wa mpira wa wasichana. Ni kijana mwenye kifua mbele na filimbi shingoni hata akienda dukani. Kocha ana imani zake. Anaamini maji katikati ya mchezo yanamjaza mchezaji tumbo na kumfanya mzito. Anaamini mtu akisema kichwa kinamuuma amekosa moyo wa mpira. Ukimwambia jua ni kali, anakuuliza kama kuna uwanja wenye paa.

Siku moja walikutana mbele ya lango, nami nikiwa natoka kununua uzi wa kusukia, nikapunguza mwendo. Nani asingepunguza.

"Mama, unanidekezea wachezaji," Kocha akasema. "Wakiona lile benchi lako wote wanaumwa."

"Mimi nawapoza, mwanangu. Anayewapika ni wewe."

"Nikipoteza kombe nitamwambia Mwalimu Mkuu sababu ni nani."

"Mwambie. Na mimi nitamwambia mtoto wa nani alitapika wiki jana."

Kocha alichukia, na hasira zake akazimalizia kwa watoto. Akatoa sheria yake: mchezaji yeyote atakayekaa kwenye benchi la Bi Ndoo, jezi yake anapewa mwingine, na mechi inayofuata anaitazama kwa macho. Mama mkwe alipoisikia akasema huo ni upuuzi wa mtu mmoja na watoto hawataufuata. Hapo alikosea. Watoto waliufuata vizuri sana. Kuanzia wiki ile benchi likawa tupu, ndoo zimejaa maji yanapata joto, na Bi Ndoo amekaa peke yake anapepea nzi. Vichwa havikuacha kuuma. Viliacha kusemwa.

Sasa ndani ya timu hiyo alikuwamo binti yangu.

Tunamwita Kiberiti, kwa sababu ni mdogo wa mwili na anawaka haraka. Alikuwa kiungo, yule anayekimbia mbele na nyuma bila kupumzika, na Kocha alikuwa hamtoi hata akitoka damu puani. Mtoto huyo alikuwa anaupenda mpira kuliko kula. Jezi yake alikuwa anailaza kwenye kiti karibu na kitanda, na ole wako uiguse. Kwa hiyo ile sheria ya jezi ilimwingia yeye kuliko wote.

Akaanza kurudi nyumbani mchana amenyamaza. Kiberiti kunyamaza ni habari. Anapitiliza chumbani, anafunga pazia, anajifunika mto usoni. Siku ya kwanza bibi yake alimfuata na mimi nikawa nyuma yake.

"Una nini?" bibi akauliza.

"Kichwa, bibi."

Nilimwona mama mkwe anainama, mkono umeshatangulia kwenda kugusa paji la uso, ule mkono wa kwenye benchi. Mtoto akasema upesi, mto ukiwa bado usoni, "Mama amenikaza nywele."

Mkono ukarudi. Mama mkwe akajinyoosha, akanigeukia, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeletewa zawadi mpaka mlangoni. "Nilisema mimi," akasema. "Si nilisema? Unamuumiza mpaka mtoto wako wa kumzaa." Akatoka zake, hakumgusa mtoto wala hakumpa maji. Ndoo ilikuwa pale koridoni.

Unaona alichokifanya yule mtoto? Ameishi na sisi wawili tangu azaliwe, anatujua ndani nje. Alijua kuna mtu mmoja tu duniani anayeweza kuitambua ile shida kwa kumtazama, na alijua pia neno gani litamgeuza mtu huyo macho. Bibi yake angeweza kumshuku mtoto yeyote wa shule nzima kwamba anaficha kichwa. Lakini ukimwambia mkwewe ana makosa, hana haja ya kuuliza zaidi. Anameza bila kutafuna.

Mimi wakati huo sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba nywele za mwanangu sikuzikaza, maana mkono wangu naujua. Hata hivyo nilimfumua za pembeni nikamsuka upya, kwa kulegeza mpaka mistari ikaonekana kama imesukwa na mtoto. Baada ya mazoezi akarudi vile vile, pazia, mto. "Nywele, bibi." Na bibi yake sebuleni anamweleza jirani kwa sauti, nisikie vizuri, kwamba kuna wasusi wanaotakiwa kunyang'anywa vitana. Jirani mwenyewe ni mteja wangu. Wiki iliyofuata hakuja kusuka.

Hapo nikasema basi. Kunitukana mimi ni kawaida, nimeshazoea. Kunigusia kazi yangu ni jambo jingine. Fainali ya shule zote ilikuwa inakaribia, na jioni ya kuamkia siku hiyo nikamkalisha Kiberiti kwenye kigoda, nikaanza kufumua kichwa kizima.

"Mama, usifumue," akasema.

"Si zinakuuma?"

"Zimeacha."

"Basi hazitauma tena kabisa."

Akaanza kulia, machozi ya kweli, ananishika mikono. Nikadhani anataka kupendeza siku ya fainali, wasichana wote wa timu walikuwa wamesukwa. Sikumsikiliza. Nilifumua mpaka msuko wa mwisho, nikamchana, nikamfunga kwa mpira mmoja mlegevu ambao hata upepo ungeuvua. Kisha nikamshika mkono, nikampeleka mpaka chumba chenye dirisha kubwa. Mama mkwe alikuwa anakunja vitambaa vyake.

"Nywele hizi hapa, mama," nikamwambia. "Hazina fundo hata moja. Kesho akiumwa kichwa utamsingizia nani?"

Akanitazama kuanzia miguuni kwenda juu. "Tutaona," akasema, akaendelea kukunja.

Fainali ilipangwa asubuhi na mapema, lakini mgeni rasmi alichelewa. Wakubwa hawachelewi peke yao, wanachelewa na jua la watoto wa watu. Timu zote zilipangwa mistari katikati ya uwanja kumsubiri, bila kivuli na bila kofia, na alipofika akahutubia kuhusu umuhimu wa michezo kwa afya, mwenyewe yuko chini ya turubai na chupa ya maji baridi mbele yake. Mpira ulianza jua likiwa utosini. Mimi nilikaa na akina mama wenzangu upande wa pili, tumejikinga kwa miavuli na tunalalamika joto, sisi tuliokaa.

Mapumziko yalipofika, wasichana wa timu pinzani walikwenda moja kwa moja kwenye maji. Wa kwetu walimzunguka Kocha, wanahutubiwa kwa mara ya pili. Bi Ndoo aliinua kikombe chake akawaonyesha kutoka kule kwenye benchi. Wote waliangalia chini. Kiberiti aligeuza kabisa mgongo.

Kipindi cha pili nikaona mtoto wangu hachezi anavyocheza. Alitoa pasi kwa adui, jambo ambalo hajawahi. Akasimama mahali ambapo hakuna mpira, amefinya macho, mkono kwenye paji la uso. Mpira ukapita karibu yake, hakuugeukia. Kocha akamfokea, akaanza kukimbia tena, lakini kwenda upande usio wake.

Nikatazama benchi. Mama mkwe alikuwa amesimama wima. Alikuwa anamtazama Kiberiti kichwani. Hakuangalia miguu wala mpira, alikuwa anaangalia zile nywele, zimeachwa wazi, ule mpira wa kufungia umeshaanguka zamani. Kisha akainua uso akanitafuta kwenye umati mpaka akaniona. Sijui aliniona vipi kati ya miavuli yote ile. Tulitazamana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu sote wawili tulikuwa tunawaza jambo moja.

Akainama, akabeba ndoo nyekundu, akaingia uwanjani mpira ukiendelea.

Watu walicheka kwanza. Bibi kizee na ndoo anakatiza katikati ya wachezaji, nani asicheke. Mwamuzi akapiga filimbi, kila kitu kikasimama, na kicheko kikageuka zomeazomea. Kocha akaja mbio. "Mama, toka uwanjani. Mama, unatuharibia." Mama mkwe hata hakumtazama, alimpita kama anavyopita mlango ulio wazi. Mimi nilikuwa nimeshatupa mwavuli nakimbia.

Nilifika wakati amemshika Kiberiti kidevu. Mtoto alikuwa amepauka midomo na jasho linamchuruzika, anamtazama bibi yake kama mtu anayetazama mbali.

"Kichwa kinauma?" bibi akauliza.

"Nywele, bibi. Mama amenikaza."

Alisema hivyo, mbele yangu, mbele ya timu mbili, na nywele zimemwagika mabegani hazina hata msuko. Hakuwa anadanganya tena. Ulimi ulikuwa umezoea tu.

"Mmefungana ngapi?" bibi akauliza tena.

Kiberiti akafikiri. "Bado hatujaanza."

Niliogopa, naomba nisikufiche, niliogopa ambavyo sijawahi kuogopa. Kocha akamshika mtoto mkono wa pili. "Zimebaki dakika chache, mama. Wa akiba wameshaingia wote. Mwenyewe anasimama, si unaona anasimama?"

Bi Ndoo akainua ndoo akammwagia mtoto maji kuanzia mabegani mpaka miguuni, na mengine yakamwingia Kocha kwenye viatu. "Mwachie," akasema kwa sauti ndogo sana. Kocha akamwachia.

Tulimbeba wawili, mimi miguu na yeye mabega. Hatujawahi kubeba kitu pamoja kabla ya hapo, hata meza. Tukamlaza kivulini kwenye benchi, akamvua viatu, akamfungua jezi, vitambaa shingoni, kwapani, kwenye mapaja. Akanitupia kile kipande cha boksi. "Pepea. Usisimame." Maji ya kunywa hakumpa, alisema mtoto asiyejua alipo anaweza kupaliwa. Akampigia kelele Mwalimu Mkuu alete gari lake, na Mwalimu Mkuu akalileta mpaka juu ya nyasi. Njia nzima madirisha yalikuwa wazi na mama mkwe analowesha vitambaa, viti vya gari la watu vimegeuka dimbwi.

Hospitalini walimlaza, wakamwekea dripu, wakaendelea kumpoza. Jioni alikuwa anajua jina lake na siku ya wiki. Daktari akatuambia joto la mwili lilikuwa limepanda vibaya, na kwamba ingekuwa tofauti kama angemaliza mchezo. Hakueleza tofauti gani, wala sikumuuliza.

Kitu cha kwanza Kiberiti alichouliza alipopata fahamu ni matokeo.

Walifungwa. Walibaki pungufu, wa akiba walikuwa wameshaingia wote, wakafungwa bao mwishoni kabisa, na kombe likaenda shule nyingine. Kiberiti akageukia ukutani. Akasema, "Ni bibi." Bibi mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, kwenye kiti cha plastiki, sketi imelowa mpaka magotini.

Unadhani watu walitushukuru? Mtaa mzima ulitununia. Kocha alizunguka akisema mtoto alikuwa na kizunguzungu cha kawaida na bibi ndiye aliyetaka kuonekana. Mzazi mmoja alinifuata saluni na kichwa chake kimesukwa nusu na mtu mwingine, ili tu anioneshe kwamba amehama. Mwalimu Mkuu, ambaye gari lake lilinuka unyevu kwa wiki nzima, alimwita mama mkwe ofisini akamwambia benchi abaki nalo, lakini mstari wa uwanja asiuvuke tena bila ruhusa. Kuhusu sheria ya Kocha na zile jezi hakugusa, alisema hayo ni mambo ya ufundi. Ufundi wa nini, sijui.

Mume wangu aliporudi safari akakuta nyumba ya watu watatu wasioongea. Kiberiti hakumsalimia bibi yake. Si asubuhi, si jioni. Bibi akiingia sebuleni, mtoto anabeba sahani yake anakwenda kulia nje. Baba mtu akataka kumchapa kwa utovu wa adabu, na mama yake akamzuia mkono.

"Acha anichukie," akasema. "Anichukie akiwa mzima."

Na mimi? Mimi nilikuwa nasubiri. Nilitaka sentensi moja tu. Nilitaka aseme, mbele ya yule jirani ikiwezekana, kwamba nywele hazikuwa na kosa. Hakusema. Vikombe vyangu aliendelea kuviosha mara ya pili. Akikutana nami koridoni anatazama ukuta. Nikajiapiza kwamba mpaka mmoja wetu azikwe sitamwomba lile neno, na sikumwomba.

Msimu mpya ulianza. Kiberiti akarudi mazoezini kwa ruhusa ya daktari na kwa kelele zake mwenyewe, na Kocha akampokea bila maneno mengi, maana kiungo mwingine kama yeye hana. Mama mkwe akaburuta benchi lake hadi ukutani, akajaza ndoo zake. Kila mchana wa mazoezi nilikuwa nasuka watu huku sikio langu moja liko kule nyuma ya nyumba. Mtoto alikuwa ameshanificha. Nilijua anaweza kunificha tena, safari hii akiwa na uongo mpya ambao hatuujui, na siku hiyo huenda tusimwahi. Nilikuwa nalala na hofu hiyo na kuamka nayo.

Basi mchana mmoja wa joto, mteja wangu yuko kwenye kigoda, mlango ukatiwa giza. Mama mkwe. Tangu ahamie kwetu hajawahi kukanyaga saluni, hupitia mlango wa nyuma hata mvua ikinyesha. Alisimama kizingitini, mikono inadondosha maji sakafuni.

"Amekuja kwenye benchi," akasema.

Kitana kikaniponyoka. "Amebebwa?"

"Amekuja kwa miguu yake. Kichwa kimeanza tu, hajatapika, anajua kila kitu. Nimempoza, anakunywa vizuri." Akakung'uta maji ya mikononi. "Jezi ameivua mwenyewe, amemwachia Kocha kwenye mstari. Kocha anafoka mpaka sasa."

"Amekusalimia?"

"Hakunisalimia."

Angeweza kuondoka hapo. Nilimwona anataka kuondoka. Akatazama ukuta, akatazama mteja wangu, akatazama kile kigoda ambacho amekisema vibaya miaka yote.

"Alipokaa nikamuuliza ana nini," akasema. "Akaniambia kichwa. Kisha akasema si nywele."

"Amesemaje?" nikauliza. Nilikuwa nimesikia vizuri kabisa.

Alinitazama kwa chuki yake yote, ile ninayoifahamu. Masikio ya mteja yalikuwa yamesimama, na mtaa mzima ungejua kabla ya jua kuzama. Mama mkwe naye alilijua hilo.

"Si nywele," akasema kwa sauti ya kusikika. "Mtoto amesema si nywele." Akajifuta mikono kwenye sketi. "Sasa chukua kitambaa kikavu uje, vyangu vyote vimelowa. Na ufunge mlango, vumbi linaingia."

Nilimwacha mteja na kichwa nusu, nikamfuata.